Kutoka Meza ya Karani: Tofali Linaloruka



Juma lililopita niliahidi kwamba leo nitaandika juu ya kuvitunza vitabu vya ubatizo visiliwe na mchwa. Mniwie radhi, mchwa watangoja. Maana Jumanne asubuhi aliingia ofisini mama mmoja wa kigango cha mbali pamoja na binti yake wa darasa la sita, wakitaka hati ya ubatizo. Nilipokuwa nafunua kitabu nitafute jina, binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mwalimu. Ati ni kweli dunia imeezekwa kwa mabati?"

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuambia?"

Mama yake akamkemea, "Wee, mwache karani afanye kazi yake!" Lakini mimi nilitaka kujua. Binti akatoa daftari. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, palikuwa na mistari mitatu iliyonakiliwa ubaoni: dunia imefunikwa na mabamba makubwa, mabamba hayo husogea, yakisuguana hutokea tetemeko la ardhi. Basi, somo limekwisha. Naye bamba analolijua yeye ni lile la fundi bati wa sokoni, atengenezaye vibatari na makarai. Hapo akawaza, akawazua, mpaka akafika kwenye mabati ya nyumba. Mtoto huyu hana kosa. Tena yeye amefikiri. Huenda wenzake hawakufikiri kitu, wamekariri tu.

Nilicheka kidogo, kisha nikaona haya. Maana mistari ile ile mitatu niliiandika mimi ubaoni nilipokuwa mwalimu wa mazoezi, na watoto wakainakili, nami nikapewa alama nzuri.

Ninyi wasomaji wa Kagera hamhitaji kukumbushwa Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa alasiri. Ardhi ilinguruma kama lori zito linapita chini ya sakafu, halafu kuta zikacheza. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakaumia, mamia ya nyumba zikaanguka, na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika hata masomo yakasimama. Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si muda mrefu. Jioni ikaenea habari kijijini petu, wala hakuna aliyejua imetoka kwa nani, kwamba saa nane za usiku litakuja jingine kubwa kupita lile. Watu wakabeba mikeka na watoto wachanga wakaingia migombani. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa heshima sana, akaniita mbele ya watu wote: "Wewe mwanangu umesomea ualimu. Tuambie, litakuja ama halitakuja?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Akatikisa kichwa. Watu wakanitazama kama mtu aliyekula ada ya baba yake bure. Nami nilitamani ardhi inimeze, ingawa siku ile haikuwa siku ya kutamani jambo kama hilo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba jibu langu lilikuwa sahihi, ila sikujua kwa nini ni sahihi. Na kilichonifundisha si kitabu, ni tofali moja la kuchoma.

Basi, ninyi walimu wa shule zetu, na ninyi wazazi mlio na watoto wa darasa la tano kwenda juu, nataka niwaeleze tunavyofanya Jumamosi nyuma ya ofisi ya parokia. Hatuna maabara. Hatuna mashine. Vitu vyote vyapatikana jikoni, kwa seremala na katika mifuko ya watoto watundu.

Tafuteni ubao mrefu, hatua mbili hivi, usiopigwa randa. Uwekeni mezani au chini. Chukueni tofali moja la kuchoma, lifungeni kamba, na kwenye kamba fungeni mpira wa manati. (Watoto watasema hawana manati. Ngojeni kidogo, utatoka mfuko wa mmoja wao.) Mtoto mmoja aushike mpira na kuuvuta polepole sana, kwa mwendo ule ule, asikaze wala asilegeze. Mwingine ashike rula apime mpira umerefuka kiasi gani. Wa tatu aandike.

Kwanza tofali halisogei. Mpira warefuka, warefuka, tofali limetulia tuli kama halihusiki. Halafu ghafula, kru! Linaruka mbele vidole viwili, linasimama tena. Mpira umelegea. Mtoto anaendelea kuvuta, na mambo yanaanza upya. Mara linaruka kidogo, mara kidogo tena, mara linakaa muda mrefu kisha linaruka shibiri nzima.

Sasa waambieni watabiri. Kila mtoto aseme tofali litaruka mpira ukifika sentimita ngapi. Sisi tuliandika miruko 20. Mtoto mmoja alipatia mara tatu, akajigamba kuwa ameijua siri; baada ya hapo akakosa mara nane mfululizo, wenzake wakamzomea. Mkimaliza, waulizeni maswali haya. Je, tulijua kwamba tofali litaruka? Tulijua, maana mkono hauachi kuvuta. Je, tulijua litaruka wapi? Ndiyo, juu ya ubao huu, si kule jikoni kwa masista. Je, tulijua saa yake? La, hata mara moja, ila kwa kubahatisha.

Hilo ndilo tetemeko la ardhi, wasomaji. Miamba ya pande mbili za ufa imekwamana kwa ukwaru wake. Nguvu inaivuta kila siku, nayo inapindika kidogo kidogo kama mpira unavyorefuka, bila sisi kusikia lolote. Siku inayoshindwa kuvumilia, inateleza kwa mara moja. Mruko ule ndio unaotikisa nyumba. Wataalamu wa dunia nzima, wenye vyombo vya thamani kubwa, wanaweza kusema mahali gani pana ufa, na kwa kiasi fulani ni kubwa kadiri gani linaloweza kutokea hapo katika miaka mingi ijayo. Siku na saa hawawezi. Atakayekuambia "saa nane za usiku" amebahatisha kama yule kijana wetu, au anasema uongo.

Lakini angalieni jambo jingine katika yale maandishi ya watoto. Baada ya mruko mkubwa mara nyingi tofali liliruka tena mara mbili tatu, kidogo kidogo, kabla ya kutulia. Ardhi nayo hufanya hivyo, ingawa si kwa sababu ile ile moja kwa moja. Baada ya tetemeko kubwa huja madogo siku nyingi, na mara chache huja kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo wale waliolala migombani hawakuwa wajinga wote. Mwenye nyumba iliyopasuka ukuta alifanya vema kutoka, maana tetemeko dogo laweza kuangusha ukuta uliokwisha kuumia. Kosa lilikuwa kuamini saa. Ilipofika saa nane na nusu pasitokee kitu, wengi walibeba mikeka yao wakarudi kulala chini ya kuta zile zile zilizopasuka.

Sasa binti wa mabati aliniuliza swali zuri sana Jumamosi iliyofuata, maana nilimwalika naye akaja na kaka yake. "Mwalimu, mpira twauvuta sisi. Ardhi inavutwa na nani?"

Hapo tukaleta yai la kuchemsha. Mmoja tu, si lazima kila mtoto awe na lake, ingawa watapendelea hivyo. Ligongeni taratibu mezani mpaka ganda lipasuke vipande vikubwa sita au saba, msilimenye. Kisha bonyezeni kwa kidole: kipande kimoja kinasogea, kinaachana na mwenzake upande huu na kumpanda mwenzake upande ule. Ganda la nje la dunia limepasuka vivyo hivyo, vipande vikubwa kama saba na vidogo vingi. Hivyo ndivyo tunavyoviita mabamba. Si ya chuma wala bati, ni ya mawe matupu, na unene wake ni kama kilomita 100. Mkiona kilomita 100 ni nene, pigeni hesabu. Toka hapa tuliposimama hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Kwa kipimo hicho ganda la dunia si nene kuliko ganda la yai kwa yai lake. Juu ya bamba moja huweza kukaa nchi kavu na bahari pamoja. Afrika yetu haikuishia pwani ya Tanga. Bamba lake laendelea chini ya bahari.

Waambieni watoto pia mahali yai linapodanganya. Ute wa yai si kama ndani ya dunia. Wengi hudhani, hata mimi nilidhani, kwamba chini ya ganda kuna bahari ya moto inayochemka na sisi twaelea juu yake. Sivyo. Chini ya ganda ni mawe magumu, lakini ya moto sana hata yanajongea polepole mno. "Kitu kigumu kinajongeaje?" Hapa karani wa parokia ana bahati kuliko mwalimu wa shule. Nilitoa mshumaa mmoja wa altare kutoka sanduku nililoliacha kiangazi karibu na dirisha. Mshumaa umepinda kama mkia wa mbuzi. Hakuna aliyeuyeyusha, hakuna aliyeukunja. Ulikaa tu siku nyingi katika joto umeegemea ukingo wa sanduku. Nikaugonga kwenye meza, ukakatika, tap! Watoto wakashangaa. Kitu hiki hiki kikipigwa ghafula huvunjika, kikiachwa katika joto siku nyingi hupinda na kujongea. Mawe ya ndani ya dunia ndivyo yalivyo, ila badala ya miezi twahesabu mamilioni ya miaka. (Padri akiuliza mshumaa uko wapi, nimekwisha andika hapa.)

Kisha pikeni maziwa katika sufuria pana, moto mdogo, yaacheni yafanye utando juu. Msikoroge. Utaona utando unasukumwa kutoka pale maziwa yanapopanda, unachanika hapo, na kando ya sufuria unajikunja makunyanzi. Hayo makunyanzi ni milima. Bara la Hindi liliposukumwa juu likagonga Asia, ganda likajikunja, ikatokea milima ya Himalaya yenye kilele cha mita 8,849. Watoto wakishakuona, waruhusuni wanywe maziwa; somo linakaa zaidi.

Zamani vitabu vilisema ni joto hilo tu linalosukuma mabamba. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba kazi kubwa zaidi hufanywa na uzito wa bamba lenyewe. Bamba la bahari likizeeka hupoa, huwa zito, huzama chini ya jirani yake, na linapozama linavuta mwili wake wote nyuma. Kuonyesha jambo hili ni rahisi mno. Lowesheni kanga, itandazeni juu ya meza laini, upande mmoja uning'inie kidogo. Haiendi. Vuteni upande ule uning'inie zaidi, zaidi, na mwisho kanga yote inaanza kuteleza yenyewe mpaka chini. Hakuna aliyeisukuma. Akina mama waliokuja kuchukua watoto walilifahamu hili upesi kuliko sisi.

Mwendo wake? Mabamba yale ya Afrika na Amerika ya Kusini yanaachana kwa mwendo wa kucha za vidole vyenu zinavyokua. Kata kucha Jumamosi hii, tazama Jumamosi ijayo.

Nasikia mtu akisema, karani, mambo ya Himalaya na Amerika yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana Afrika yenyewe inapasuka, na sisi tunakaa ndani ya mpasuko. Nenda kwa seremala, mwombe kipande cha gogo au cha mbao nene akikate vipande vitatu kwa msumeno wa kushika mshazari, kile cha katikati kiwe kipana juu na chembamba chini, kama kabari. Vipange pamoja mezani, juu viwe sawasawa, na chini ya kile cha katikati pawe wazi. Kisha watoto wawili wavute vya kando, kila mmoja kwake, polepole. Cha katikati kinashuka. Pande mbili zimebaki juu, katikati pamekuwa bonde refu lenye kuta. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Mkono wake mmoja wapita Kenya na kaskazini ya Tanzania, mwingine wazunguka magharibi toka Uganda, Rwanda na Burundi, kupitia Ziwa Tanganyika, Rukwa, mpaka Ziwa Nyasa.

Maji yakiingia katika bonde lile, mwapata ziwa refu, jembamba, na lenye kina cha kutisha. Tulipima kwa uzi. Sentimita moja ya uzi ni mita 10 za maji. Ziwa letu la Viktoria, kwa upana wake wote ule, kina chake ni kama mita 80 tu. Uzi wake ni sentimita 8, waenea kiganjani. Uzi wa Ziwa Nyasa ni kama sentimita 70. Kisha tukakata uzi wa Tanganyika, mita 1,470 za maji. Ulitoka sentimita 147, na ulipowekwa penye utosi wa yule binti wa mabati ukafika chini na kubaki sakafuni. Watoto walinyamaza kimya. Mmoja akauliza kwa nini Viktoria ni duni hivi, akakaribia kukasirika kwa ajili ya ziwa la kwao. Nikamwonyesha vile vipande vya seremala: Tanganyika limekaa ndani ya bonde lililoshuka, Viktoria limekaa juu kama maji ya mvua katika sahani, katikati ya mikono miwili ya ufa.

Na mpasuko huo unaendelea leo hii. Huku kwetu ardhi inaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, kadiri ya unene wa njiti moja au mbili za kiberiti. Kaskazini kuelekea Ethiopia ni zaidi. Chukua njiti moja, milimita 2. Kwa miaka 1,000 ni mita 2. Kwa miaka milioni moja ni kilomita 2. Watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe. Tulipochora ramani tukaweka punje za maharage penye matetemeko makubwa machache: Rukwa mwezi wa Desemba 1910, Toro kule Uganda mwezi wa Machi 1966, Ziwa Tanganyika mwezi wa Desemba 2005, na letu la 2016. Punje tatu za kwanza ziliangukia mkono wa magharibi wa ufa. Yetu ikakaa kando yake. Kisha wakaniuliza, kutoka 1910 hadi 1966 ni miaka 56, kisha 39, kisha karibu 11, je, lijalo ni lini? Kabla sijafungua kinywa, yule kijana wa kujigamba akasema, "Tofali, mwalimu. Tena hapa si tofali moja, ni mengi." Sikuwa na la kuongeza.

Kuna wazazi watakaouliza kama mambo haya ya mabamba yamethibitika. Chukua gazeti hili hili, ukiisha kulisoma tafadhali, ulichane katikati kwa mkono, umpe mtoto vipande. Ataviunganisha kwa kutazama kingo, kisha atahakikisha kwa kutazama kama mistari ya maandishi yapita sawasawa toka kipande hiki hadi kile. Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, alitoa mfano huo huo wa gazeti lililochanwa. Aliona Afrika na Amerika ya Kusini kingo zao zaoana, na tena miamba na mabaki ya wanyama wa kale yaendelea kutoka huku hadi kule, kama mistari. Alisema hayo tangu mwaka 1912, wakamcheka. Alifia katika barafu ya Greenland mwaka 1930, bado wengi hawajamkubali. Kosa lake, kama ni kosa, alikuwa hawezi kueleza ni mkono gani unaovuta. Ni katika miaka ya 1960, walipokwisha kupima sakafu ya bahari, ndipo dunia ilipokiri kwamba mabara husogea. Leo vyombo vya angani hupima kila mwaka ni milimita ngapi.

Tena mjumbe mmoja wa baraza letu, mzee mcha Mungu, alinivuta kando akaniuliza kama mafundisho ya miaka milioni na milioni hayatawaharibu watoto imani. Nikamwambia habari za Mwenyeheri Niels Stensen, mganga wa Denmark, ambaye wengine humwita Steno. Mwaka 1666 aliletewa kichwa cha papa mkubwa akipasue, akaona meno yake yanafanana kabisa na mawe fulani ambayo watu waliyaokota milimani bila kujua ni nini. Akatambua kwamba mahali pale palikuwa bahari zamani, na kwamba udongo hutua tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la kwanza. Aliandika hayo katika kitabu cha mwaka 1669, na wanajiolojia wanayatumia mpaka leo. Kisha akawa padri, akawa askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenyeheri. Mzee akafurahi. Nikamwonyesha lile shimo la choo kipya nyuma ya shule, tabaka jekundu, tabaka la changarawe, tabaka jeupe, akachuchumaa penye ukingo kulitazama kwa muda mrefu, hata nikaogopa asije akatumbukia.

Sasa nimefika kwenye jambo la mwisho, na kwa hili ndilo hasa nimewaacha mchwa. Anayeua si tetemeko. Ukiwa katikati ya shamba, ardhi itakutikisa, utakaa chini, utainuka. Anayeua ni ukuta na paa.

Tulifinyanga vijitofali vya udongo, kalibu yetu ganda la kiberiti. Vilipokauka tukajenga nyumba mbili ndogo juu ya ubao, zenye kuta nne kila moja, tope ndilo udongo wa kujengea. Zote ni sawa, ila moja tuliipigania vizuri pembeni, tofali la ukuta huu likiingia katika ukuta ule, kisha tukaizungushia kamba ya mgomba iliyokazwa, safu moja juu ya mlango na nyingine mwisho wa ukuta. Chini ya ubao tukaweka gololi. Mtoto mmoja akausukuma na kuuvuta ubao kwa mwendo wa ngoma, wengine wakahesabu. Nyumba isiyo na mkanda ilifungua pembe katika hesabu ya 9, na katika hesabu ya 14 ukuta wa mbele ulianguka wote, nje. Ile yenye mkanda ilipasuka nyufa, tope likapukutika, lakini katika hesabu ya 40 ilikuwa bado imesimama, na yule mtikisaji amechoka. Tukarudia mara nne. Mara moja tu nyumba yenye mkanda ilianguka, tulipoibebesha jiwe zito juu kama paa.

Pale kando alikuwa amesimama fundi wetu mwashi, amekuja kudai hesabu yake. Yeye ndiye anayejenga darasa la watoto wadogo hapa parokiani, na baraza lilikwisha kukubali kuondoa mkanda wa zege wa juu ili kupunguza mifuko ya saruji na nondo. Mimi mwenyewe niliandika muhtasari wa kikao kile, nikatia sahihi, wala sikusema neno. Fundi alitazama mpaka mara ya tatu. Akasema, "Hilo la kamba nalijua, karani. Nililisema kikaoni. Ila mimi ni fundi, walidhani nataka kazi iongezeke."

Basi nikamwomba Baba Paroko, naye akakubali, kwamba Jumapili baada ya Misa ya pili wajumbe wote waje nyuma ya ofisi, na watoto watikise nyumba zao mbele yao. Yule binti wa darasa la sita ndiye atakayehesabu. Gharama ya mkanda nimekwisha kuipiga na fundi, nimeibandika mlangoni pa ofisi ili kila mtu aisome kabla ya siku hiyo.

Kwa wale mnaotaka kujaribu nyumbani, fanyeni vijitofali Jumatatu ili vikauke hadi Jumamosi. Vibichi havifai, vitashikana vyote. Mpira wa manati ukiwa mpya hukaza mno, tafuteni uliozeeka kidogo. Na walimu, wafundisheni watoto hili pia kwa vitendo, si kwa kuandika. Ardhi ikitikisika wakiwa darasani, wasikimbilie mlangoni wakikanyagana. Wajikinge chini ya madawati washike miguu yake, na likiisha watoke kwa utaratibu mpaka uwanjani, mbali na kuta. Wakiwa nje, wabaki nje. Sisi twafanya zoezi hilo kwa kengele ndogo ya sakristia, na mara ya mwisho wote walitoka kabla sijamaliza kuhesabu 60, isipokuwa mmoja aliyerudi kuchukua manati yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, mchwa.